Watoto wa Japani na Mdudu wa Kofia ya Chuma

Katika lugha ya Kijapani, kofia ya chuma iliyovaliwa vitani na askari wa kale huitwa kabuto, na mdudu huitwa mushi. Yuko mbawakawa mmoja mkubwa katika misitu ya nchi hiyo, rangi yake kahawia iliyoiva hata kukaribia weusi, ambaye dume lake huchomoza pembe ndefu kichwani, na ncha ya pembe hiyo imegawanyika mithili ya pambo lililowekwa mbele ya kofia ya jemadari. Kwa sababu hiyo akapewa jina la kabutomushi, yaani mdudu wa kofia ya chuma. Ni jamaa yake chonga, yule mbawakawa mwenye pembe atoboaye minazi katika mwambao wa Afrika Mashariki; lakini chonga huchukiwa na wenye mashamba, naye kabutomushi hupendwa na watoto pengine kuliko mdudu mwingine yeyote.

Kila mwaka, ifikapo Julai, mbawakawa hao hutolewa misituni na madukani, wakaingizwa katika nyumba za watu, wakawekwa ndani ya masanduku ya plastiki karibu na mlango au juu ya meza ya mtoto. Hawawekwi ili waliwe, wala hawawekwi kwa ajili ya dawa. Wanawekwa ili mtoto ajifunze.

Huenda askari akatuuliza, habari za mbawakawa wa Japani zinamhusu nini mtu aliye lindoni? Tunajibu kwamba zinamhusu kwa njia mbili. Kwanza, askari ni mzazi, na watoto wake hupitisha likizo kambini bila kazi maalumu, wakati mama yao ana shughuli nyingi na baba yuko zamu. Pili, wadudu hawa wadogo wamekwisha kuingia katika kazi ya polisi wa nchi jirani yetu, kama tutakavyoonyesha mbele. Na kati ya mtoto afugaye mbawakawa mmoja na mtu mzima akamatwaye na maelfu ya wadudu katika mkoba upo mpaka, nasi tungependa msomaji aujue mpaka huo unapita wapi.

Sisi tukaao juu ya mstari wa Ikweta huhesabu mwaka kwa mvua na kiangazi. Japani ina majira manne, na majira ya joto ndiyo wakati wa wadudu. Mwaka wa masomo huanza Aprili, na likizo kubwa huanza yapata tarehe 20 Julai, ikaisha mwishoni mwa Agosti. Ila katika kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, ambako baridi huwahi, likizo hiyo ni fupi zaidi. Walimu hawawaachi watoto wakae bure. Huwapa hesabu za kufanya, shajara ya picha ya kujaza, na kazi moja iitwayo jiyu kenkyu, maana yake utafiti wa hiari. Katika kazi hii mtoto hujichagulia swali, akalichunguza mwenyewe kwa wiki kadhaa, akarudi shuleni mwezi wa Septemba na karatasi yake ya matokeo. Wako wachunguzao chumvi, wako wachunguzao mawingu. Wengi huchunguza mdudu.

DESTURI ILIYOANZA NA ASKARI

Wajapani hawakuanza jambo hili jana. Askari wao wa zamani, samurai, walimheshimu kereng'ende kwa sababu huruka kwenda mbele na, kwa imani yao, harudi nyuma. Wakamwita mdudu wa ushindi, wakachora sura yake juu ya silaha na mavazi ya vita. Tunajua leo kwamba kereng'ende anaweza kurudi nyuma vizuri sana akipenda, lakini hatudhani kwamba samurai wangefurahi kuambiwa hivyo.

Katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, watu walipenda kusikiliza sauti za nyenje usiku. Mwandishi Lafcadio Hearn, mtu wa asili ya Ugiriki na Ayalandi aliyehamia Japani na kuoa huko, aliandika mwaka 1898 juu ya biashara hiyo ilivyoanza. Alisimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 18 mchuuzi wa vyakula aliyeitwa Chuzo alikamata nyenje wachache waitwao suzumushi, akawaweka nyumbani kwake, na majirani waliposikia sauti zao wakaomba kuuziwa. Chuzo hakuwa na njia ila kwenda porini kuwatafuta wengine. Ndipo mteja wake mmoja, Kiriyama, aliyekuwa mtumishi wa bwana mmoja mkubwa wa kijeshi, alipogundua kwamba nyenje hao wakiwekwa ndani ya chungu chenye udongo wenye unyevu hutaga mayai, na mayai yakaanguliwa mwaka unaofuata. Tangu hapo haikuwa lazima kuwanyang'anya porini kila mwaka.

Jambo hilo lisitushangaze. Katika miaka ile ya amani ndefu, samurai wa vyeo vya chini walikuwa na mshahara mdogo usiokidhi mahitaji ya nyumba, nao walitafuta kazi za pembeni. Kikosi cha wapiga bunduki waliokaa mtaa wa Okubo walisifika kwa maua yao, na wengine walifuga samaki wa mapambo na nyenje wa kuuza. Hivyo basi, ufugaji wa wadudu uliwahi kuwa kazi ya kambini, ikifanywa na watu waliovaa panga mbili kiunoni.

KAZI YA ZAMU

Turudi kwa mtoto wa leo na kabutomushi wake. Dume na jike huwekwa katika sanduku lenye mboji ya majani yaliyooza, kipande cha gogo, na chakula. Zamani walipewa vipande vya tikitimaji, lakini wajuzi hawashauri tena chakula hicho, kwa sababu ni maji matupu na sanduku huchafuka upesi. Siku hizi hupewa ndizi, au vikombe vidogo vya rojo tamu viuzwavyo madukani. Madume mawili hayakai pamoja, kwani watapigana usiku kucha, kila mmoja akiingiza pembe chini ya mwenzake ili amwinue na kumtupa. Mboji haina budi kunyunyiziwa maji kila inapokauka. Ikiachwa ikauke, mayai hufa, na ikirowa mno, huoza.

Mwezi wa Agosti jike huingia ndani ya mboji na kutaga. Mwisho wa Septemba wazazi wote wawili wamekwisha kufa, maana maisha ya mdudu huyu akiwa na mabawa ni miezi miwili au mitatu tu. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mtoto na mtoto. Yule aliyetaka mchezo wa kuigombanisha midume humwaga mboji na kuosha sanduku. Yule aliyefundishwa vema hupekua mboji kwa vidole, polepole, akakuta mabuu meupe yaliyojikunja. Mabuu hayo hujivua ngozi mara mbili, yakinenepa hata moja likafikia uzito wa gramu 30 hivi, na hukaa ardhini vuli yote, majira ya baridi yote na masika yote. Mtoto ana kazi ya kuchuja kinyesi na kuongeza mboji mpya kwa muda wa miezi minane, bila kuona pembe wala pambano lolote.

Mnamo mwezi wa Mei au Juni kila buu hujichimbia chumba chake wima ardhini, likajigeuza kuwa bundo. Wakati huo sanduku halitikiswi, kwa sababu chumba kikibomoka mdudu huweza kutoka na kilema. Na hapa pana jambo la ajabu. Mwaka 2012 wataalamu wa Japani, akiwemo Wataru Kojima, walionyesha kwamba bundo lenyewe hujilinda: buu jirani likikaribia huku likitafuna mboji, bundo hujipiga kwenye ukuta wa chumba chake na kutoa mtetemo, na buu lile husimama au hugeuka njia nyingine. Askari yeyote aliyewahi kusimama getini gizani, akasema "Simama! Nani wewe?", ataelewa bila maelezo zaidi.

Nyenje wale wa suzumushi, ambao jina lao linatokana na suzu, kengele ndogo, nao bado wanafugwa. Ni mdudu mweusi mwenye vipapasio virefu vyeupe. Dume tu ndilo huimba, likiinua mabawa yake na kuyasugua. Hulishwa vipande vya biringanya na matango vilivyochomekwa kijiti ili visiguse udongo vikaota ukungu. Lakini mboga peke yake haitoshi. Wafugaji huongeza unga wa samaki mkavu, na sababu yake inachekesha na kuogofya pia: majike yakikosa chakula cha kujenga mwili huwala madume.

Shuleni kwenyewe somo halikawii. Watoto wa darasa la tatu katika shule za msingi hulea viwavi wa kipepeo mweupe juu ya majani ya kabichi, au viwavi wa kipepeo mkubwa wa michungwa, wakachora kila hatua. Aidha iko kazi nyingine ambayo Wajapani wenyewe huiita kwa jina la kijeshi. Mabwawa ya kuogelea ya shule huachwa na maji yake tangu majira ya joto yanapokwisha, na kereng'ende huja kutaga humo. Mwezi wa Juni, kabla bwawa halijaoshwa na kutiwa dawa, watoto huingia na nyavu katika shughuli iitwayo "operesheni ya kuokoa yago". Yago ni mtoto wa kereng'ende aishiye majini. Huwachukua darasani na nyumbani, huwalisha vijidudu vyekundu vya matope, na kuwasimamishia vijiti majini. Siku yake ikifika, yago hupanda kijiti usiku, hupasua ngozi mgongoni, na asubuhi yuko kereng'ende anayengoja mabawa yakauke. Bila operesheni hiyo wote wangekwenda na maji ya mfereji.

MTOTO ALIYEKIPITA KITABU

Je, elimu hii ni elimu kweli, au ni mchezo uliovikwa jina zuri? Tutatoa mfano mmoja. Vitabu vyote vilisema kwamba kabutomushi ni mdudu wa usiku: hutoka jua likizama, hunywa utomvu wa mwaloni, na alfajiri hujificha. Katika jimbo la Saitama, kaskazini ya Tokyo, mvulana wa shule ya msingi aliona mambo mengine. Uani kwao palikuwa na mti wa bustani wenye asili ya nchi za kusini, uitwao kwa Kijapani shimatoneriko, na mbawakawa waliokuja kula gome la mti huo hawakuondoka kulipokucha. Wengi walikuwapo hata saa sita za mchana.

Mtoto huyo hakutosheka na kusema "nimeona". Katika majira ya joto ya mwaka 2019 na 2020 aliwatia alama mbawakawa zaidi ya mia moja, kila mmoja alama yake, akawahesabu usiku na mchana, siku baada ya siku, akaandika ni yupi alikuja lini na aliondoka lini. Kisha kwa kushirikiana na Kojima, yule mtaalamu tuliyemtaja, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Yamaguchi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021 katika jarida la Ecology, ambalo ni la chama cha wataalamu wa ikolojia wa Marekani. Alikuwa wa darasa la sita. Mti aliolia mdudu ulikuwa umebadili saa zake za kazi, na mabingwa hawakuwa wamelitambua hilo.

Maafisa wetu wa upelelezi wataona mara moja kilichomfaa mvulana yule. Akili anayo, hatukatai. Lakini silaha yake ilikuwa daftari. Habari iliyoandikwa saa ile ile, na tarehe yake, na mahali pake, na alama ya kumtofautisha huyu na yule, ndiyo ushahidi. Habari iliyokumbukwa baada ya wiki mbili ni hadithi.

Hata hivyo tusimpe msomaji picha ya nchi ambayo kila mtu anapenda wadudu. Kampuni moja ya Japani ilikuwa ikiuza madaftari ya shule yenye picha za wadudu kwenye jalada tangu miaka ya 1970, na mwaka 2012 ikaziondoa picha hizo baada ya walimu na wazazi kulalamika kwamba zinawatia kinyaa. Zilirudi mwaka 2020, katika toleo la kuadhimisha miaka 50 ya madaftari hayo. Watu wa mijini ni wale wale popote waendapo.

PALE UPENDO UNAPOGEUKA BIASHARA

Hadi mwaka 1999 sheria ya Japani ya kulinda mimea ilizuia kuingiza mbawakawa hai kutoka nje. Mwaka huo mlango ulifunguliwa kidogo, kisha ukapanuliwa, hata mamia ya aina za mbawakawa zikaruhusiwa. Mwaka 2003 ukatoka mchezo wa mashine uitwao Mushiking, ambao watoto waliucheza kwa kadi zenye picha za mbawakawa wa dunia nzima, na kila mtoto akamtaka yule aliyemwona kwenye kadi. Walikuja kutoka Asia ya Kusini Mashariki, Amerika ya Kusini, na hata kutoka misitu ya Kongo na Kamerun, wakaingia nchini kwa mamia ya maelfu kila mwaka.

Madhara yake yalionekana upesi. Mbawakawa wa mataya, wale ambao midomo yao imerefuka kama koleo, wanao ndugu wa ukoo mmoja huko Asia ya kusini. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani walichapisha uthibitisho kwamba mgeni na mwenyeji wakikutana huzaana, na watoto wao pia huzaa. Basi mtoto mwenye huruma, ambaye mwisho wa likizo humfungulia mbawakawa wake wa kigeni na kumwambia "nenda zako msituni", kwa hakika anauchanganya ukoo ambao umekaa peke yake katika visiwa vile tangu zama za kale. Na kule walikotoka hali haikuwa njema. Serikali ya Bolivia iliona mbawakawa wake mkubwa wa milimani, Dynastes satanas, akichukuliwa kwa wingi, ikaomba ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, na mwaka 2010 ombi hilo likakubaliwa.

Wizara ya mazingira ya Japani imewafundisha wananchi amri tatu fupi kuhusu viumbe wa kigeni: usiingize, usitupe, usieneze. Tuutazame mfano wa kamba wa maji matamu kutoka Marekani, mwekundu, mwenye magando mawili kama ya kaa. Aliletwa Japani mwaka 1927 awe chakula cha vyura wakubwa waliokuwa wakifugwa kwa nyama. Akatoroka, akaenea katika mashamba ya mpunga, na vizazi vya watoto vimemvua kwa uzi wenye kipande cha ngisi mkavu na kumweka nyumbani ndani ya ndoo. Lakini popote alipoenea alikata mimea ya majini na kula vijidudu vya wenyeji. Tangu tarehe 1 Juni 2023 sheria inaruhusu mtu kumfuga nyumbani bila kibali, lakini kumuuza au kumwachilia ni kosa, na adhabu ya kumwachilia yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya yeni milioni tatu. Serikali haikupiga marufuku kumfuga kwa sababu iliogopa kwamba watu wote wangewamwaga mtoni kwa usiku mmoja. Tunaiona hiyo kuwa sheria iliyotungwa na watu wanaowajua wananchi wao.

Kamba huyo si mgeni kwetu. Yumo katika Ziwa Bunyonyi, na nchini Kenya alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi. Mayungiyungi na mimea mingine ya ziwa hilo haikusalimika.

Mji ulio ufukoni mwa ziwa hilo hilo ndipo palipotokea kesi tuliyoiashiria mwanzoni. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa mjini Naivasha katika nyumba ya wageni. Hawakuwa na pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Walikuwa na vichupa vyembamba zaidi ya 2,000 vilivyozibwa kwa pamba, na ndani yake malkia wa chungu wapatao 5,000, wengi wao wa aina ya Messor cephalotes, chungu wakubwa wekundu wavunao mbegu katika mbuga za Afrika Mashariki. Katika Ulaya na Asia wako watu wafugao chungu ndani ya masanduku ya kioo, ambao hukaa wakitazama malkia akitaga na watumishi wakichimba njia. Ni burudani ya utulivu, na yenye elimu nyingi ndani yake. Malkia mmoja wa aina hii hununuliwa kwa fedha nyingi, kwa sababu yeye peke yake, akiisha kupandwa na dume, aweza kuanzisha taifa zima.

Washtakiwa walisema walikusanya kwa kujifurahisha na hawakujua kwamba ni kosa. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama, kwa kutumia sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi kumi na miwili. Raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliokutwa na malkia wapatao 400, walipata adhabu hiyo hiyo. Hakimu alieleza kwamba hao wawili wa kwanza hawakuwa na chungu wachache, bali maelfu, na wa aina yenye thamani.

Hapo ndipo ulipo ule mpaka tulioutaja. Mvulana wa Saitama aliwatia alama mbawakawa wa uani kwao, nao wakabaki kwao. Aliyebeba malkia 5,000 alibeba mataifa 5,000 ambayo hayataanzishwa kamwe katika ardhi ya Naivasha, na kama yangalifika alikoyapeleka na kutoroka, yangalikuwa kwa wenyeji wa huko kama yule kamba mwekundu alivyokuwa kwa Ziwa Naivasha. Askari wa ukaguzi katika uwanja wa ndege au katika kituo cha mpakani, aliyezoea kutafuta dhahabu na bangi, sasa anapaswa kujua kwamba mrija wa kioo wenye pamba, au boksi la filamu lililotobolewa vitundu vya hewa, ni jambo la kuuliza swali.

MLIMAU WA KAMBINI

Kwa mzazi aliye kambini tunalo pendekezo, nalo halihitaji duka wala fedha. Karibu kila penye nyumba za askari pana mlimau au mchungwa. Juu ya majani yake machanga hukaa kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, ambaye ni wa ukoo mmoja na yule wanayemlea watoto wa darasa la tatu wa Japani. Kiwavi akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege hawamgusi. Akikua hugeuka kijani. Mtoto akimgusa, ataona nyuma ya kichwa chake ikichomoza pembe laini ya rangi ya machungwa yenye harufu kali. Hamdhuru mtu.

Wachukuliwe wawili tu, wasizidi, pamoja na kitawi chao. Kitawi kisimamishwe ndani ya chupa ya maji iliyozibwa mdomo kwa karatasi, ili kiwavi asiteleze akazama, na vyote viwekwe ndani ya boksi lililofunikwa kwa kipande cha chandarua kuukuu. Majani yabadilishwe kila siku, kutoka katika mlimau ule ule usiopigwa dawa. Boksi lisiwekwe juani. Kinyesi kitolewe. Kazi hii ipewe zamu kama zamu ya lindo, mtoto anayeondoka amkabidhi anayeingia na wote wawili watie jina: viwavi wangapi, majani mangapi yameliwa, amejivua ngozi saa ngapi. Baba akirudi akague kitabu kwanza, ndipo akague boksi.

Baada ya wiki chache kiwavi huacha kula, hutangatanga, kisha hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri uliozunguka mwili kama mkanda, akawa bundo. Bundo likitulia, watoto waambiwe wasilitikise. Baada ya wiki mbili hivi, na pengine zaidi, kipepeo hutoka asubuhi akiwa na mabawa yaliyokunjamana. Anahitaji kijiti cha kuning'inia hata yanyooke na kukauka. Hapo chandarua kiondolewe, na boksi lipelekwe chini ya mlimau ule ule.

Mara nyingine siku zinapita na kipepeo hatoki. Bundo hugeuka rangi, kisha hutobolewa tundu dogo, wakatoka humo nyigu wadogo wengi kama chembe za mchele uliovunjika, ambao mama yao alitaga ndani ya bundo lilipokuwa laini. Watoto watahuzunika. Hilo nalo liandikwe kitabuni, na tarehe yake, na saa, na idadi ya nyigu.